Vipeperushi vimejaa, mbona watu bado wako pembeni?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najitolea katika kituo kinachohudumia waomba hifadhi. Tumechapisha vipeperushi kwa lugha sita kuhusu haki zao, hospitali, shule na namna mahojiano yanavyokwenda, na mabango yapo kila mlango. Pamoja na hayo watu wanakosa miadi, wanaogopa kwenda hospitali, na wengi hawana hata mwenyeji mmoja wa kusalimiana naye. Wana kundi lao la WhatsApp lililojaa uvumi, nalo wanaliamini kuliko sisi. Hivi kweli taarifa zinamsaidia mtu kuingia katika jamii, au tunaharibu karatasi tu? Na hilo kundi tulifanyeje?

JIBU: Marahaba, na pole na majukumu.

Karatasi hamharibu, ila mmefanya ile sehemu nyepesi ya kazi. Kipeperushi kinamweleza mtu jambo, lakini hakiulizwi swali, na mwomba hifadhi ana maswali ambayo hakuna karatasi iliyoyatarajia. Mke wangu yuko nchi nyingine, faili letu ni moja au mawili? Nikihama chumba, barua itanifuata? Mtoto akizaliwa kabla ya uamuzi, anaandikishwa wapi? Atakayemjibu hayo ndiye ambaye mwomba hifadhi atamrudia kesho kwa jingine, na keshokutwa kwa jingine tena. Kwa hiyo ukitaka kujua taarifa zinahusiana vipi na mtu kupokelewa katika jamii, tazama anamuuliza nani. Huko anakouliza ndiko anakojenga mahusiano, na mara nyingi ndiko anakobaki.

Nitalirudia hilo. Kwanza hali yake kisheria, maana wengi huichanganya. Kwa lugha ya ofisini, mkimbizi ni yule ambaye hadhi yake imeshatambuliwa; mwomba hifadhi bado anasubiri uamuzi. Mwishoni mwa 2024 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilihesabu waomba hifadhi milioni 8.4 duniani. Mkataba wa 1951 kuhusu hadhi ya wakimbizi unataja shule, kazi, mahakama na vitambulisho, lakini haki hizo hazimfikii mtu zote kwa mpigo. Nyingine anazo kwa kuwapo tu nchini, nyingine mpaka awe anaishi hapo kihalali, nyingine zinangoja hadhi yenyewe. Maana yake anaishi chini ya kanuni zinazobadilika kila faili lake linaposogea. Alichoambiwa mwezi wa kwanza kilikuwa kweli, ila mwezi wa sita huenda si kweli tena, na kipeperushi kilichobandikwa mlangoni hakijui msomaji wake amefika hatua gani.

Kuchelewa kujua nako kuna gharama isiyorudishika. Nchini Marekani sheria inataka ombi la hifadhi liwasilishwe ndani ya mwaka mmoja tangu mtu aingie, isipokuwa awe na sababu zinazokubalika. Anayelisikia hilo mwezi wa kumi na nne amelisikia kwa hasara. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la 2013 kuhusu masharti ya kuwapokea waomba hifadhi, ulizitaka nchi wanachama zimweleze mtu haki na wajibu wake ndani ya siku 15 tangu awasilishe ombi, kwa lugha anayoielewa au ambayo kwa sababu za msingi inadhaniwa kwamba anaielewa. Hapo kwenye “inadhaniwa” ndipo watu wengi hupotelea. Mkongomani anapewa karatasi ya Kifaransa kwa sababu nchi yake hutumia Kifaransa, wakati yeye maisha yake yote ameyaendesha kwa Kiswahili na darasa la Kifaransa aliliacha akiwa mdogo. Mkurdi anapewa Kikurdi cha upande mwingine, ambacho pengine hata herufi zake si zile alizojifunzia. Afisa ameshaweka alama ya vema kwamba taarifa imetolewa, na aliyepewa ameikunja akaiweka mfukoni.

Sasa tuje kwenye miadi. Kabla ya kusema watu ni wazembe, chukua barua moja ya mwito uisome kwa macho ya mgeni. Juu kuna namba ya faili, chini yake aya ya sheria, halafu tarehe: 03/04. Hiyo ni tarehe 3 mwezi wa nne, au tarehe 4 mwezi wa tatu? Inategemea nchi. Mwethiopia amekulia kalenda iliyo nyuma ya hii kwa miaka saba au minane. Mwafghani anatumia kalenda ya jua ambayo mwaka wake huanza mwezi Machi. Kisha kuna saa, na hapa msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu. Sisi tunahesabu saa kuanzia kunapokucha, na Waethiopia vivyo hivyo. Barua imeandika 9:00. Mkalimani wa simu, amechoka, anasema “saa tisa”, na mtu anafika alasiri kwa mahojiano yaliyokuwa saa tatu asubuhi. Anakuta mlango umefungwa. Katika nchi nyingi, kutofika kwenye mahojiano bila kutoa sababu huhesabiwa kwamba mtu ameliacha ombi lake. Hakuna uzembe hapo, na barua ilifika. Andikeni jina la mwezi kwa maneno, andikeni “asubuhi” au “alasiri”, taja siku ya wiki, na mkiweza wekeni picha ya mlango wenyewe wa kuingilia. Mabadiliko haya hayahitaji bajeti, na ningeanza nayo kabla ya lugha ya saba.

Simu nayo ina mambo. Ripoti ya UNHCR ya 2016 ilionyesha kwamba asilimia 93 ya wakimbizi waliishi mahali penye angalau mtandao wa simu wa kizazi cha pili (2G), lakini uwezekano wao wa kuwa na simu yenye intaneti ulikuwa pungufu kwa nusu ukilinganisha na watu wengine. Watu wakisikia hivyo hufikiria umaskini tu. Kuna kikwazo kingine kisichoonekana kwa haraka, nacho ni usajili wa laini. Nchi nyingi zinataka kitambulisho kinachotambulika na kampuni ya simu, na cheti cha muda cha mwomba hifadhi mara nyingi hakimo kwenye orodha ya wakala. Basi mtu anasajiliwa laini kwa jina la mwenzake aliyetangulia. Fuatilia kinachofuata. Ujumbe wa miadi unakuja kwenye namba isiyo yake kisheria. Akiba ndogo iliyo kwenye simu si yake kisheria. Mwenye jina akihama, akikosana naye, au akiombwa na kampuni kuhakiki laini zake, namba inafungwa, na pamoja nayo inazimika njia pekee ambayo ofisi, shule ya mtoto na hospitali walikuwa nayo ya kumfikia. Mtu huyu hawezi kugombana na mwenye laini hata akidhulumiwa. Nimeona wanaovumilia mengi, kuanzia kukatwa fedha hadi kulazimishwa kulea watoto wa mwenye laini bila malipo, kwa sababu ya laini moja tu.

Hapo ndipo narudi kwenye swali la nani anaulizwa. Mwaka 2008 watafiti Alastair Ager na Alison Strang waliandika juu ya namna wakimbizi wanavyoingia katika jamii, wakayagawa mahusiano katika aina tatu: ya mtu na watu wa asili yake, ya mtu na jamii nyingine zinazomzunguka, na ya mtu na vyombo vya dola na huduma zake. Mgawanyo huo unanisaidia sana kazini. Mwomba hifadhi ambaye taarifa zake zote zinatoka kwa wa kwao hupata faraja na kitanda cha kulalia, lakini anachokijua hakivuki kile wanachokijua wao, pamoja na makosa yao. Yule ambaye taarifa zote anazipata kwa maafisa na mashirika anabaki mteja: anajua kujaza fomu, hajui jirani anaitwa nani. Ukikuta mtu ameelekezwa kwa daktari na mama anayekutana naye shuleni wakati wa kuchukua watoto, huyo ameanza kuingia. Daktari ni yuleyule na anwani ni ileile ambayo ingeweza kuwa kwenye kipeperushi chenu, lakini sasa ana mtu wa kumshukuru, na kesho ana mtu wa kumuuliza habari ya sare za shule.

Pale ambapo njia zote hizo hazipo, dalali hujaza nafasi. Anauza fomu ambazo hutolewa bure. Anauza “nafasi ya mbele” kwenye foleni ambayo haina nafasi ya mbele. Kibaya kuliko vyote, anauza hadithi ya kusimulia kwenye mahojiano, na mtu mwenye kisa cha kweli cha kutisha anakiacha na kukariri cha kununua, ambacho afisa ameshakisikia kwa wengine. Halafu tarehe zinagongana, na ombi linakataliwa kwa kukosa kuaminika. Mtu huyu alihitaji kuambiwa mapema sana, na mtu anayemwamini, kwamba kisa chake mwenyewe kinatosha na kwamba kusahau tarehe si dhambi, mradi asibuni.

Unasema wanaogopa hospitali. Mimi ningeuliza wanaogopa nini hasa, na nadhani utakuta ni faili. Elfreda Chatman, mtaalamu wa Kimarekani wa sayansi ya taarifa, alichunguza watu wa pembezoni wa aina mbalimbali: wafanya usafi, wanawake wazee, wanawake walio gerezani. Aliona kwamba mtu anayejihesabu kuwa nje ya jamii huficha shida zake kwa makusudi, kwa sababu kuuliza kunamfichua, na akipima anaona kufichuka kutamgharimu zaidi ya msaada atakaoupata. Mwomba hifadhi anapima hivyohivyo. Nikisema silali usiku, wataandika nina wazimu? Nikisema nina ugonjwa fulani, uamuzi utabadilika? Mkalimani ni wa kabila gani, na ndugu zake wako wapi? Hayo yote yanaweza kuwa yamejibiwa katika ukurasa wa pili wa kipeperushi chenu, lakini asiyewaamini hafiki ukurasa wa pili. Taarifa inayofungua nyingine zote ni ya usiri: nani anasoma ninachosema, nani hasomi, na kwamba maelezo ya ombi hayapelekwi kwa serikali ya nchi aliyoikimbia. Hiyo isemwe kwa mdomo, mwanzoni, na irudiwe. Kama kuna jambo ambalo lazima mliripoti, kwa mfano mtoto aliye hatarini, lisemeni hilo pia mapema. Akiligundua mwenyewe baadaye, mmemkosa yeye na wote atakaowasimulia.

Kuna upande ambao barua yako haikuugusa kabisa, na mimi nauona ndio unaovunja watu moyo zaidi. Ni taarifa wanazozikosa wenyeji. Mwanamke anakuja kwenu, mnamweleza kwamba mwanawe ana haki ya kusoma, anafurahi, anaamka alfajiri anakwenda shuleni. Karani anaigeuzageuza ile karatasi yake yenye picha na muhuri, hajawahi kuiona, haimo kwenye mfumo wake. Anasema, “Leta kitambulisho halali.” Si mtu mbaya, hajaambiwa. Mama anarudi, na somo alilolipata siku hiyo ni kwamba haki mlizomsomea ni za kwenye karatasi. Mara ya pili hataamka. Wapangishaji, waajiri, wahudumu wa benki, manesi wa mapokezi, mawakala wa simu, wote hao ni milango, na karibu kila mara vipeperushi huandikiwa anayebisha hodi, si anayefungua. Tengenezeni ukurasa mmoja kwa ajili ya karani: hii ndiyo sura ya cheti, hiki ndicho kinachoruhusu, hiki hakiruhusu, hii ndiyo namba ya ofisi ya serikali ya kuhakiki. Mpeni mama aende nao mkononi. Safari ya kwanza asindikizwe na mwenyeji, ambaye kazi yake ni kusimama pembeni tu na kusalimia. Ningekuwa na fedha za jambo moja, ningezitia hapa.

Kuhusu lugha na kusoma sina mengi, mnaonekana mmeshajitahidi. Ongezeni sauti. Ujumbe wa sauti wa dakika moja na nusu, uliosemwa na mtu wa lahaja yao kwa mwendo wa kawaida, unawafikia wasiosoma bila kuwaaibisha mbele za watu. Jambo jingine la lugha linaloniudhi ni kuwafanya watoto wakalimani. Watoto hujifunza lugha ya wenyeji haraka kwa sababu ya shule, basi kila barua inayoingia nyumbani inasomwa na binti wa miaka kumi na mmoja: barua ya daktari wa mama yake, barua ya kukataliwa ya baba yake. Baba anapoteza heshima ndani ya nyumba, mama anaacha kusema anachoumwa kwa sababu hawezi kukipitisha kinywani mwa mwanawe, na mtoto anakosa vipindi ili asindikize wazazi ofisini. Familia inaonekana imeshaizoea nchi, kumbe aliyeingia katika jamii ni mmoja, naye amebebeshwa wote.

Niseme pia taarifa haziwezi nini, kwa sababu mashirika hupenda kuzitumia kufunika upungufu mwingine. Mtu asiyeruhusiwa kufanya kazi kwa miezi kadhaa hatapata kazi kwa kujua vizuri kwamba haruhusiwi. Makazi yakiwa kilomita nyingi kutoka mjini na usafiri ni wa shida, orodha ya vilabu vya michezo vya mjini ni kejeli. Hata hivyo, kumweleza mtu ukweli mchungu si kazi bure. Ukimwambia waziwazi kwamba maombi ya aina yake kwa sasa yanachukua muda mrefu na hakuna njia ya kuyaharakisha, unamwondolea dalali biashara, na yeye anaweza kuamua kama aanze darasa la lugha au la ushonaji badala ya kukaa na begi lililofungwa. Wengi huogopa kusema hivyo kwa huruma. Huruma hiyo inawagharimu wanaosubiri.

Nimalizie na kundi la WhatsApp. Kwanza, elewa kwamba uvumi huzaliwa pale ofisi inaponyamaza. Mwezi Machi 2016, maelfu ya watu walikwama Idomeni, kwenye mpaka wa Ugiriki na Makedonia, baada ya njia kufungwa. Hawakuwa na maelezo ya kueleweka ya nini kitafuata. Kikasambaa kikaratasi cha Kiarabu, chenye ramani, kikidai kwamba mpaka hautafunguliwa tena na kuelekeza njia ya kuuzunguka kwa kuvuka mto. Tarehe 14 zaidi ya watu 1,000 waliifuata, na wengi wao walirudishwa Ugiriki. Watu 3 walikuwa wamekufa maji katika kuvuka muda mfupi kabla. Kikaratasi kile kilijibu swali ambalo kila mtu alikuwa nalo na ambalo hakuna ofisi iliyolijibu, ndiyo maana kilikuwa na nguvu.

Kwa hiyo msilifunge, wala msianzishe la kwenu ili kulishindania. Watahama tu, mtabaki mmekaa peke yenu. Ombeni wasimamizi wa kundi wamkaribishe kama mgeni mtu wenu mmoja anayejulikana kwa jina na sura, naye awaambie wanakundi wazi anatoka wapi. Asiwe anamsahihisha mtu mbele ya wenzake; mtu akiaibishwa, kundi zima humlinda. Aseme tu lililo sahihi kwa leo, aweke tarehe ndani ya ujumbe wenyewe, kwa sababu ujumbe wa sauti husambazwa hata baada ya miezi na watu hudhani ni mpya. Swali lisilo na jibu ajibu hivi: “Hatujui bado, tutawaambia Alhamisi.” Na Alhamisi aseme, hata kama ni kusema bado hatujui. Tovuti ya Refugee.info, ambayo mashirika ya misaada ya IRC na Mercy Corps waliianzisha 2015 kwa ajili ya watu waliokuwa wakiingia Ulaya, ilipitia mafunzo ya namna hiyo: ilianza na kurasa za kusoma, ikaja kujikita zaidi katika kumjibu mtu mmoja mmoja aliyetuma swali lake.

Mambo ya faili la mtu yasijadiliwe kundini hata mwenyewe akiomba, wala namba ya faili, wala picha ya barua. Hamjui nani yumo humo, na baadhi ya watu hao walikimbia serikali zinazofuatilia simu. Mwambieni aje dawatini au apige simu. Na hapo dawatini akae pia mwenyeji mmoja anayejua mambo ya kawaida ya mtaa, saa za maktaba, jinsi ya kukata tiketi, wapi watoto wanacheza mpira Jumamosi, kwa sababu hayo ndiyo maswali ambayo mtu anaweza kuuliza bila woga siku ya kwanza.